Mama anataka kwenda Kibeho: kuna nini kule ambacho Bukavu hakuna?

Dada mmoja wa Kadutu, hapa Bukavu, ameniandikia hivi: "Mama yetu ana miaka 71, ni mjane. Tangu mwaka jana hana neno lingine, anataka kufika Kibeho kabla hajafa. Kaka yangu, ambaye siku hizi anasali kwenye kanisa la uamsho, anasema huko ni kuabudu sanamu na kutupa pesa. Mimi ni Mkatoliki, nina kipaimara, lakini kwa kweli hata mimi sielewi. Bikira Maria si yupo hata hapa kwenye kathedrali yetu? Kuna nini kule ng'ambo ambacho hapa hakuna? Na akienda, tumwandae vipi?"

Dada yangu, swali lako ni la haki. Kwa miaka kumi na minne nimekuwa nikisindikiza mahujaji kutoka Bukavu kwenda Kibeho, kule kusini mwa Rwanda ambako wasichana watatu walisema Bikira Maria aliwatokea, na mara moja nilijaliwa kufika Lourdes, Ufaransa. Karibu kila safari yupo mmoja anayeniuliza hilo hilo, tena tukiwa tumeshavuka mpaka. Basi nikuambie mapema: Maria wa Kibeho ndiye yule yule wa kathedrali yetu, Mama wa Amani. Hasikii vizuri zaidi akiwa Rwanda. Mtu akimwambia mama yako kwamba kule sala zinafika haraka, amkimbie. Kinachobadilika kule ni yule anayesali, na nitajaribu kukueleza anabadilika vipi, maana nimeyaona kwa watu wa mji wetu huu huu.

Kwanza kaka yako. Usigombane naye. Ana aya yake, nami naijua: Yesu alimwambia mwanamke Msamaria kwamba saa inakuja ambapo watu hawatamwabudu Baba juu ya mlima ule wala Yerusalemu, ila katika roho na kweli. Ni neno la Bwana, hatulipunguzi hata kidogo. Lakini mwombe naye asome Luka sura ya pili. Wazazi wa Yesu walikuwa wakienda Yerusalemu kila mwaka kwa sikukuu ya Pasaka. Kutoka Nazareti ulikuwa mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Kwao kulikuwa na sinagogi. Zaidi ya hapo, na hili nikilifikiria huwa nanyamaza, walikuwa na Mwana wa Mungu nyumbani, analala chini ya paa lao na kula mkate wao. Kama ilikuwepo nyumba duniani isiyo na haja ya kuhiji, ni ile. Na bado walifunga mizigo wakaenda, na mtoto alipofikisha miaka kumi na miwili wakaenda naye.

Kuhusu sanamu sitasema mengi. Mama yako akibusu picha ya marehemu baba yenu, hakuna hata mmoja kati yenu anayedhani anaibusu karatasi.

Jambo jingine ambalo kaka yako huenda hajaambiwa, na Wakatoliki wengi pia hawalijui: Kanisa halimlazimishi mtu yeyote kuamini matokeo ya Kibeho, yaani kule kutokea kwa Bikira Maria, wala ya Lourdes, wala ya Fatima. Linayaita ufunuo wa binafsi. Askofu anaweza kusema kwamba watu wanaweza kusali pale bila hofu ya kupotoshwa, akaishia hapo. Mkatoliki anaweza kufa akiwa mtakatifu bila kuvuka Ruzizi, mto wetu wa mpakani, hata siku moja. Kwa hiyo mama yako hadaiwi safari hii na mtu yeyote. Anaitaka mwenyewe, na ndiyo sababu mimi ningeipa uzito.

Sasa Kibeho yenyewe, kwa sababu watu wanaitaja bila kujua ilianzaje. Ilianzia katika chumba cha kulia chakula cha shule ya wasichana, Jumamosi tarehe 28 Novemba 1981, mchana. Msichana wa miaka 16, Alphonsine Mumureke, alikuwa akiwahudumia wenzake mezani aliposikia sauti ikimwita: "Mwana wanjye", mwanangu. Akatoka kwenda kwenye korido, akamwona Bibi aliyejitambulisha: "Ndi Nyina wa Jambo", mimi ni Mama wa Neno. Wenzake walimcheka. Wengine walisema ni ugonjwa, wengine ni mapepo. Mmoja wa waliokuwa wakali kupita wote aliitwa Marie Claire Mukangango. Januari 1982 akafuata Nathalie Mukamazimpaka, na Machi mwaka huo huo akafuata, nani? Marie Claire mwenyewe, yule mpinzani. Nikiwasimulia vijana wa Legio ya Maria, chama chetu cha sala, habari hii huwa natua hapo kidogo, wapate muda wa kuifikiria.

Kanisa halikukimbilia kupiga kengele. Askofu wa Butare wakati ule, Jean-Baptiste Gahamanyi, aliunda tume mbili, moja ya madaktari na nyingine ya wanateolojia. Watu wengi walijitokeza wakisema nao wanaona. Matokeo yaliisha tarehe 28 Novemba 1989, miaka minane kamili tangu siku ya kwanza, lakini neno la mwisho la Kanisa lilikuja tarehe 29 Juni 2001, pale Askofu Augustin Misago wa Gikongoro alipotangaza kwamba wanaokubalika ni wale wasichana watatu tu. Karibu miaka ishirini ya kupima. Mwambie kaka yako hilo pia, maana siku hizi hapa mjini mtu anaota usiku, asubuhi anatundika spika na kufungua kanisa.

Na Marie Claire hakulisikia tangazo hilo. Aliuawa mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari ya Rwanda.

Nakuomba ulikumbuke hilo, kwa sababu Kibeho si mahali pa maua matupu. Katika kanisa la parokia ile ile, Aprili 1994, maelfu ya Watutsi waliokimbilia humo waliuawa. Mwaka uliofuata, Aprili tena, damu nyingi ilimwagika katika kambi ya wakimbizi wa ndani iliyokuwa kwenye vilima vile vile. Nikiwa na kundi, tunapita kwenye ukumbusho ule kwanza, kimya, kabla ya kwenda mahali patakatifu. Wapo walioniambia, "Kaka, tumekuja kusali, kwa nini unatupitisha makaburini?" Huwa nawajibu kwamba Bikira Maria wa Kibeho anaitwa Mama wa Mateso, na anayetaka kumfikia apite njia yake.

Kwa nini basi mtu wa Bukavu avuke mpaka? Fikiria sababu zinazotuvusha Ruzizi. Wengi tunavuka kwa ajili ya biashara: akina mama na beseni za nyanya, unga, sambaza, alfajiri kwenda na jioni kurudi. Sababu ya pili ni kukimbia. Julai 1994 nilikuwa kijana wa miaka kumi na minne, nilisimama karibu na daraja la mpakani, Ruzizi ya Kwanza, nikaona watu wa Rwanda wakiingia na magodoro vichwani, mchana na usiku, hawaishi. Miaka miwili baadaye vita ikatufikia, zamu ya kukimbia ikawa yetu. Ni mwaka huo huo, tarehe 29 Oktoba 1996, Askofu wetu Mkuu Christophe Munzihirwa alipouawa hapa mjini. Kwa mtu wa umri wa mama yako, mpaka ule una kumbukumbu za namna hiyo. Kuvuka na rozari mkononi, bila mzigo wa kuuza na bila mtu anayekukimbiza nyuma, ni kitu ambacho huenda hajawahi kukifanya maisha yake yote. Nimewaona wazee wakishuka upande wa pili wakasimama tu, wanalitazama daraja walilotoka.

Halafu kuna barabara. Ukishapita Kamembe unaingia msitu wa Nyungwe, na hapo mazungumzo ndani ya gari yanapungua yenyewe. Miti inafunga juu, ukungu unashuka, mbega wanaruka kando ya lami. Humo msituni kuna mgongo wa milima unaogawa maji: mvua inayonyesha upande wetu inateremka hadi mto Congo, inayonyesha upande wa pili inakwenda Nile. Huwa nasimamisha gari maeneo hayo tunasali fungu moja. Nyumbani mama yako anasali huku sikio liko kwenye sufuria, makaa yamekwisha, maji hayajatoka, mjukuu amerudishwa kwa sababu ya minervali, karo ya shule. Njiani hakuna anayemwita. Kwa mama aliyelea watoto na wajukuu, saa saba au nane za kutoitwa na mtu ni zawadi kubwa, na mwili wake uliokaa kwenye gari na kuchoka tayari unasali kabla mdomo haujafunguka.

Kitu cha ndani kabisa nilichokikuta Kibeho, hata hivyo, ni Rozari ya Mateso Saba. Ni ibada ya karne nyingi iliyokuwa imesahauliwa na wengi, na Marie Claire ndiye aliyepewa kazi ya kuifufua. Ina mafungu saba, kila fungu Salamu Maria saba. La kwanza ni unabii wa Simeoni. La pili ni kukimbilia Misri. La tatu ni kupotea kwa Yesu kwa siku tatu. Halafu Maria anakutana naye njiani amebeba msalaba, anasimama chini ya msalaba, anaupokea mwili mikononi, na anamzika. Sasa soma orodha hiyo ukiwa mtu wa Kivu. Kukimbia usiku na mtoto mgongoni. Kumtafuta mtoto aliyepotea. Kupokea mwili. Ukimsomea mama wa Bukavu fungu la pili, huhitaji kumhubiria.

Nitakusimulia jambo moja. Mwaka fulani mwezi wa Septemba, karibu na tarehe 15, sikukuu ya Mama wa Mateso, tulikuwa katika Kikanisa cha Matokeo, ambacho zamani kilikuwa bweni la wanafunzi. Kulikuwa na mama mmoja wa Bagira, hapa Bukavu, mzee, amejifunga kikwembe cha Mama Wakatoliki, binti yake kakaa kushoto kwake. Kulia alikaa bibi mmoja wa pale pale, Mnyarwanda, mwembamba, na mwavuli uliokuwa ukichuruzika maji miguuni. Rozari ikaanza. Bibi yule anasema "Ndakuramutsa Mariya, wuje inema", mama wa Bagira anasema "Salamu Maria, umejaa neema", kila mmoja na lugha yake, na bado walikuwa wakifika "Amina" pamoja. Tulipoingia fungu la tatu, mama wa Bagira akaacha kuitikia. Badala ya Salamu Maria alikuwa akitaja jina, jina moja tu la kike, kwa sauti ya chini, mara kadhaa. Sikulijua jina lile. Bibi wa mwavuli naye hakulijua, wala Kiswahili hakijui. Alinyoosha mkono akashika shanga za rozari ya mwenzake, zile shanga nyeusi za mbegu, akawa anamsogezea moja moja huku akisali yeye kwa ajili ya wote wawili, mpaka fungu likaisha.

Hapo, dada, ndipo lilipo jibu la "kuna nini kule ambacho hapa hakuna". Hapa sote tunajuana. Kwenye shirika lako, ile jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa, mama akilia, jirani anajua kwa nini, au anadhani anajua, na kesho yake litazungumzwa sokoni. Kule analia mbele ya mgeni ambaye hana habari zake na hamdai maelezo. Na mgeni huyo ni wa upande ule wa mto ambao tumezoea kuuogopa na kuusema vibaya, kama wao wanavyotusema sisi. Katika ujumbe wa Kibeho kuna neno la kusali bila unafiki. Nadhani ni rahisi zaidi kulitimiza mahali ambapo hakuna anayekufahamu. Sijaona mkutano wa amani wenye mabango na maji ya chupa uliofanya kilichofanywa na mkono ule juu ya shanga za mtu mwingine.

Lourdes nitaigusa kidogo tu, kwa kuwa wapo watoto walioko Ulaya wanaotaka kuwapeleka mama zao. Ni pazuri, na jioni ile ya mishumaa sitaisahau. Bernadette Soubirous alimwona Bikira Maria mara 18 mwaka 1858, na tangu 1883 kuna ofisi ya madaktari wanaochunguza waliopona. Wameandikishwa zaidi ya watu 7,000 waliosema wameponywa, na miujiza iliyotambuliwa na Kanisa ni sabini na kidogo tu. Nakutajia hesabu hiyo ili mtu yeyote asiuze shamba kwa kutegemea kupona. Viza inaombwa Kinshasa, na Kinshasa kwetu ni ndege. Kwa mama wa Kadutu mwenye miaka 71 mimi ningesema Kibeho, bila kusita.

Na kama mpaka umefungwa au pesa haipo, kuna Uvira, mji wa upande wetu huu wa Congo. Tarehe 18 Agosti 2024 walitangazwa wenyeheri pale wamisionari watatu Waksaveri, Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na padri wetu Albert Joubert, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964. Ndiyo, 28 Novemba, tarehe ile ile ya Kibeho, miaka kumi na saba kabla. Kila mwaka siku hiyo inapofika nawakumbuka wote pamoja.

Sasa maandalizi. Msiende na mtu binafsi anayekusanya pesa mitaani. Mwaka mmoja akina mama zaidi ya ishirini walimlipa mtu kidogo kidogo kwa miezi sita, wengine kwa pesa ya likelemba, mchango wa kupeana kwa zamu, na asubuhi ya safari walikaa kwenye mizigo yao mpaka saa nne. Hakutokea. Nendeni na kundi linalojulikana na paroko wenu, lenye daftari na risiti. Hati za kusafiria ulizieni DGM, ofisi ya uhamiaji, wiki kadhaa kabla, kwa sababu masharti ya mpakani hubadilika, na karatasi wanayotumia wachuuzi kuvuka na kurudi siku ile ile isichukuliwe kuwa inatosha. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano iwe pamoja na hati hizo. Nguo zisifungwe kwenye sashe. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2008, na nimeona mama akimwaga vitu vyake vyote chini mpakani, aibu tupu. Dawa zake za presha abebe mwenyewe mkobani. Pulovere, soksi na kikwembe kizito, kwa sababu Kibeho ni juu na usiku unauma.

Tarehe nayo ni muhimu. Kila mtu anataka 28 Novemba au 15 Agosti. Ni siku kubwa, uwanja unajaa, na kijana mwenye miguu yake atafurahi. Mzee atasimama saa nyingi, hataona altare, na hatapata nafasi ya kukaa katika kikanisa. Ningekushauri Jumamosi ya kawaida, kiangazi, barabara ikiwa kavu. Afike mapema, aungame, asikilize Misa, asali mateso saba polepole, alale, arudi kesho yake. Bidoni ya maji ya chemchemi iwe ya lita tano. Atataka ya ishirini kwa sababu ameahidi mtaa mzima, na wewe ndiye utakayeibeba.

Nasema wewe, kwa sababu naona uende naye. Kiti chako najua ni pesa nyingine, lakini mwisho nikurudishe kwa yule mama wa Bagira. Wakati wa kurudi, ndani ya Nyungwe, mama akiwa amesinzia, binti yake alinieleza kuhusu lile jina. Mwanzoni yeye pia alikuwa ameona safari ni hasara, na alikuwa tayari kulipia kiti kimoja ili mama anyamaze. Jioni moja, wakichambua sombe, akamwuliza tu: mama, ukifika kule utamwambia Maria nini? Ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza kwamba aliwahi kuwa na dada mkubwa, wa miaka minne, aliyepotea kwenye msongamano wa watu katika njia ya Walungu mwaka 1996, na kwamba mama alikuwa hajalitamka jina lake tangu siku hiyo. Asubuhi yake akaenda parokiani kulipia viti viwili.